Fundi injini nataka kuhamia ukaguzi wa boti. Walio ndani ya kazi hii, ikoje hasa?

FundiShafti aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa injini za boti, mwaka wa kumi na moja huu. Kila boti ikipandishwa chelezoni kwa ajili ya kuuzwa namwona mkaguzi anakuja na kinyundo chake. Anaizunguka akigonga ko, ko, ko, anazama ndani, anatoka na vumbi kichwani, anaandika, anaondoka. Ndani ya saa tano au sita amemaliza. Mimi muda huo bado nimelala chali chini ya injini, oili inanidondokea jichoni.

Nimeanza kuitamani hiyo kazi. Mke wangu anasema nimependa kinyundo kwa sababu ni chepesi kuliko spana, na sina hoja ya kumpinga. Kabla sijatafuta kozi naomba aliyemo aniambie ukweli. Siku yenu inakwendaje? Injini nazijua, bodi silijui sana, je, litanishinda? Na kile kinyundo, mnasikia kitu kweli au ni mbwembwe mbele ya mwenye hela?

NyundoNdogo alijibu:

Karibu fundi. Niko humu mwaka wa 19, zaidi boti za faiba na za mbao, chuma mara mojamoja. Zamani nilikuwa naunda boti, kwa hiyo mimi niliingilia mlango wa mbao kama wewe unavyotaka kuingilia wa injini.

Nianze na kinyundo maana naona ndicho kilichokukereketa. Tunasikia. Faiba nzima ukiigonga inajibu kwa sauti kavu na fupi, kama unagonga meza kwa kifundo cha kidole. Ukifika mahali ambapo matabaka yameachana sauti inakuwa bubu, kama unagonga kitabu kinene. Kuisikia tofauti hiyo utajifunza asubuhi moja. Kazi ni kujua nyuma ya hapo unapogonga kuna nini, kwa sababu penye ukuta wa ndani au tangi sauti inabadilika pia na wala hapana ugonjwa. Mgeni hapo ndipo anachora duara la chaki na kumtia mnunuzi kiwewe cha bure. Na kiwe kinyundo kweli, kidogo, chenye kichwa cha plastiki. Ukimwona mtu anapiga faiba kwa nyundo ya misumari mwambie ashuke ngazi.

Siku yangu huanza kwa kuweka kiganja kwenye injini, hata kabla sijafungua begi. Muuzaji anakuwa ameshaambiwa tunataka kuiwasha ikiwa baridi. Siku moja niligusa bloku nikakuta ina joto, na mwenyewe ananiapia haijawashwa wiki mbili. Sikubishana naye. Nilikagua vingine vyote, nikaenda kukaa kivulini, nikasubiri mpaka alasiri ikapoa kabisa. Tulipoiwasha ilizunguka muda mrefu bila kushika, kisha ikatoa moshi mweupe ukaziba nyuma yote ya boti. Tulikuwa watu wanne pale na hakuna aliyekohoa. Hapo wewe fundi utatupita wengi wetu, maana utaujua huo moshi kabla haujafika puani.

Nje naangalia zinki mapema, vile vipande vinavyofungwa chini ya boti ili viliwe na maji ya chumvi badala ya propela na shafti. Nikikuta zimepakwa rangi pamoja na bodi najua chombo kilitunzwa na mtu wa brashi, si mtu wa boti, kwa kuwa zinki iliyopakwa rangi ni pambo tu. Zinki iliyoliwa nusu hainisumbui, hiyo imefanya kazi yake na sasa ibadilishwe. Inayonisumbua ni ile iliyokaa mwaka mzima kwenye maji ya chumvi ikabaki mpya kama imetoka dukani. Hapo kuna waya umekatika au imefungwa juu ya rangi, na kinacholiwa badala yake ni propela au shafti. Kwangua shaba kwa kisu: ikiwa ya njano ni salama, ikiwa na wekundu wa waridi basi zinki iliyokuwa ndani ya madini hayo imeshatoka, kimebaki kitu kama biskuti. Nimewahi kushika koki ya kuingizia maji ya kupoza injini, ya rangi hiyohiyo, nikaiegemeza kidogo tu kwa mkono, mpini ukabaki kiganjani mwangu. Bahati boti ilikuwa nchi kavu.

Malengelenge kwenye faiba hayanitishi kama yanavyomtisha mnunuzi. Yakipasuliwa yanatoa majimaji yenye harufu ya siki, na mtu akishainusa anaona boti yote imeoza. Mara nyingi ni suala la kukausha na gharama, boti haizami kwa hilo.

Sasa sehemu ambayo huioni ukiwa chini ya shafti. Boti ninayoikagua ni ya muuzaji, lakini anayenilipa ni mnunuzi. Maana yake siruhusiwi kung'oa wala kukata kitu, na mara nyingine hata kufungua skrubu ya sakafu siruhusiwi mpaka mwenyewe akubali. Mwaka wangu wa tatu nilikagua boti ya mbao, nzuri, imepakwa vanishi mpaka unajiona. Chumba cha mbele sakafu ilikuwa imekazwa kwa skrubu na juu yake zulia. Nililala kwenye kidirisha, nikamulika kwa tochi, nikaona mbao kavu hadi macho yalipofika, nikaandika: "Ngama kavu, mataruma mazima," yaani chini kabisa ndani ya boti ni pakavu na mbavu zake ni nzima.

Baada ya miezi miwili mnunuzi alinipigia simu. Hakutukana, alisema tu njoo. Nilikwenda kwa nauli yangu. Alikuwa amefungua ile sakafu yote, hakunisemesha, akanipa bisibisi. Niliisukuma kwenye taruma la pili kutoka mbele ikaingia mpaka mpini, kama kwenye embe lililoiva. Maji ya mvua yalikuwa yanapenya kwenye kifuniko cha juu miaka nenda rudi na kutulia pale chini ya zulia. (Watu huogopa maji ya bahari kwa mbao. Kinachoozesha ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Boti nyingi za mbao huoza kuanzia juu kushuka chini.) Nililipia sehemu ya ukarabati, na kwa kweli nilistahili.

Tangu siku hiyo ripoti zangu zina sentensi ambayo wateja hawaipendi: "Sehemu hii sikuifikia." Naandika ni wapi, kwa nini, na nini kifanyike ili ifikiwe. Kuna ripoti zina hizo kumi na mbili. Ndiyo maana zile saa tano unazotuona chelezoni ni kipande kidogo. Nikirudi nyumbani nina picha mia tatu na zaidi za kupanga, na kuandika kunanichukua siku mbili, wakati mwingine tatu, huku dalali anapiga simu kuuliza kama "tumepita". Hakuna kupita wala kufeli, ila usimwambie hivyo dalali, hatakuelewa.

TangiLaTatu alijibu:

Kaka NyundoNdogo amesema ya boti, niongeze ya meli za chuma, maana fundi asije akafikiri kinyundo na tochi ndiyo yote. Mimi ni mama wa watoto wawili na kabla ya kazi yoyote naangalia vitu viwili: ngazi na hewa.

Ngazi ya kamba ubavuni mwa meli ukiwa umesimama kwenye boti inayorukaruka, ndipo wenzetu wanapoumia. Kutoka majini hadi unapoingilia ikizidi mita 9, ngazi ya kamba peke yake hairuhusiwi, lazima iunganishwe na ile ya chuma ya pembeni. Nikikuta kidaraja kimepinda au kamba imechakaa sipandi. Nimewahi kukaa kwenye boti saa nzima nikisubiri waibadilishe, nikitapika.

Hewa ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Kutu inakula oksijeni. Tangi tupu, safi, halijawahi kubeba kemikali, likifungwa miezi kadhaa linaweza kukuua kwa ukimya kabisa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Siku moja kwenye tangi la maji ya uzani, yale ya kuipa meli utulivu, afisa aliniambia lina upepo tangu jana, ingia tu. Niliteremsha kipimo kwa kamba kwanza. Mdomoni 20.9. Katikati kikaanza kulia. Chini kilisoma 17 na kitu. Nilimwonyesha, akanyamaza, wakaleta feni tena. Tangu 2015 sheria ya kimataifa inataka mabaharia wafanye zoezi la kuingia na kuokoana kwenye sehemu kama hizo angalau kila miezi miwili, lakini zoezi la kwenye daftari halimtoi mtu tangini.

Halafu rafti, ile ya mpira inayojijaza hewa. Meli ikizama, kifyatuo chake hujiachia chenyewe kwa shinikizo la maji kabla ya kupita mita 4 za kina. Rafti inapanda, kamba inavutika na kuijaza hewa, kisha kuna kiungo kilichotengenezwa makusudi kikatike ili meli iende zake na rafti ibaki juu. Nakuta kamba imefungwa moja kwa moja kwenye chuma cha sitaha, fundo zuri la kibaharia, limekazwa na mtu aliyedhani anasaidia. Hapo rafti itajaa hewa vizuri kabisa, halafu ivutwe chini na meli au ichanike.

Na alama ya Plimsoll, duara lile la ubavuni linaloonyesha meli isipakiwe kupita wapi. Lina kipenyo cha milimita 300 na huwa limechomelewa, si rangi tu. Nimeshakuta rangi iko juu ya mstari wa kulehemu kwa vidole vitatu. Bwana Plimsoll alipambana katika bunge la Uingereza hadi sheria ya 1876 ikapita, na bado kuna mtu na brashi yake.

Nilishanunua alijibu:

Mimi niko upande wa waliolipa. Mkaguzi wangu nililetewa na dalali wa muuzaji, nikaona urahisi. Ripoti kurasa nne, kila mstari "hali nzuri". Sasa ni mwaka wa pili nabadilisha vitu vilivyokuwa na hali nzuri. Ningejuaje?

NyundoNdogo alijibu:

Pole sana ndugu. Kuletewa na dalali peke yake ilitosha kukufanya usite, maana dalali analipwa boti ikiuzwa. Lakini hata ripoti yenyewe ungeweza kuiuliza. Tafuta mahali alipoandika asichokiona. Hakuna boti ambayo mtu anaiona yote, kwa hiyo kama hapo hapapo, hakutazama au hakutaka kusema.

FundiShafti aliandika:

Nashukuruni sana, ile bisibisi imeniingia mimi. Swali la mwisho wakuu. Mimi mikono yangu haitulii. Niko ndani nakagua, naona klempu ya mpira wa maji imelegea, spana ninayo mfukoni. Siikazi?

NyundoNdogo alijibu:

Huikazi. Hapo ndipo mafundi wanaohamia huku wanapopata tabu, nami nilipata. Unapiga picha, unaandika ni mpira upi, unamwita mwenye boti ili mikono yake ndiyo ikaze. Ukiigusa wewe na ikachomoka wiki ijayo, mtu wa mwisho kuishika ni wewe. Tena mteja akijua unatengeneza ataanza kujiuliza kama ubovu unaouandika ni ubovu au ni ajira yako ya Jumatatu. Ila maji yakiwa yanaingia, kaza kwanza, picha baadaye. Usinitaje.

Kabla ya kozi, mwombe mkaguzi mmoja akuruhusu umshikie tochi siku nzima, bure. Na mama watoto mwambie kinyundo ni kweli ni gramu mia mbili. Begi nzima, pamoja na kipima unyevu, kioo, kamba, ovaroli ya pili na ile ngazi ya kukunja, mimi juzi nimelipima: kilo 19.