Bosi anatuma kazi WhatsApp saa nne usiku, nifanyeje?

Wakuu, naomba ushauri. Natunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Natoka saa kumi na moja, ila grupu la kazi halilali: "Hesabu ya nondo mbona haijaja?" Jana nambembeleza mtoto, ndo kwanza kasinzia, simu ikatetemeka mezani akaamka. Nikizima data, asubuhi nasemwa mbele ya wateja.

Sheria ya Ajira ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Mimi hata mia sijaiona. Nikimtajia sheria ataniona mjuaji, na mkataba unaisha Desemba.

Yaliyowakuta haya, mlimwanzaje bosi?