Arobaini ya mtoto na sigara za barazani

Mwanaidi: Asalam aleykum ndugu zangu, Jumapili ndo arobaini ya mtoto hapa Ngamiani, pilau lipo msiogope 😄 ila naomba barazani pasivutwe sigara jamani, dirisha la chumba anacholala liko hapohapo

Mjomba Hamisi: Waaleykum salaam. Kwani mie navutia ndani? Niko nje, moshi unaenda zake

Salma nesi: Shikamoo mjomba. Mchana upepo unatoka baharini, ukikaa pale barazani moshi wote unaingia dirishani. Na ule unaofuka kwenye ncha ya sigara mkononi haujapita hata kwenye kichungi, una sumu kuliko unaouvuta wewe

Mjomba Hamisi: Marahaba. Marehemu babu yenu kavuta tangu yuko shamba la mkonge, kafika themanini na ushee. Bibi hakugusa sigara maisha yake, kaondoka mapema na moyo. Haya niambie

Salma nesi: Bibi alilala chumba kimoja na babu miaka yote ile mjomba. Siwezi kusema ndo kilichomuua, simo kwenye kifua chake, lakini asiyevuta akiishi na moshi wa mwenzie hatari ya ugonjwa wa moyo inapanda kwa asilimia 25 mpaka 30, na ya saratani ya mapafu nayo inapanda. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 hivi zinaleta saratani

Shangazi Zuhura: Inna lillahi 😳 bibi alikua anakohoa kila alfajiri tukasema baridi

Mjomba Hamisi: Na ubani je? Udi? Mkaa? Mbona hamsemi

Salma nesi: Hapo umenena, moshi ni moshi. Chetezo kisiingie chumbani kwa mtoto na jiko liende uani. Kichanga anapumua haraka kuliko sisi na mapafu ndo kwanza yanakua, kwa moshi wa sigara anapata nimonia, pumu, masikio yanauma, wengine wanakufa ghafla usingizini

Mwanaidi: 😭😭 basi Salma usinitishe

Mjomba Hamisi: Haya haya, ntavutia kwenye mwembe kule kwa jirani

Salma nesi: Ahsante mjomba, ila ukirudi nawa mikono na ubadilishe shati kabla hujambeba, moshi unaganda kwenye nguo. Na siku ukiamua kuacha nambie, mwaka mmoja tu hatari ya moyo inayotokana na sigara inashuka karibu nusu

Mjomba Hamisi: Shati nibadili?? Kanzu moja ninayo Salma, nyingine iko kwa dobi

Shangazi Zuhura: Kanzu tutakuazima hiyo si shida. Mchele kilo tano ulizoahidi ziko wapi, leo Ijumaa

Mjomba Hamisi: Mtandao unasumbua huku Pangani sikusikii vizuri

Shangazi Zuhura: Ni meseji hii Hamisi 🙄