Wanafunzi wa udaktari wanaoanguka anatomia: mwalimu awasaidieje mapema?

Mhadhiri wa mwaka wa kwanza
Wakuu, salaam. Ninafundisha anatomia, yaani somo la muundo wa mwili, katika chuo kimoja cha udaktari hapa Tanzania. Kila mwaka tunapokea vijana waliofaulu vizuri sana kidato cha sita, lakini jaribio la kwanza tu linawaangusha, na baadhi yao hujikuta kwenye mtihani wa marudio wakijua kwamba wakishindwa tena wataondolewa chuoni. Si wavivu, kwani nawakuta maktaba hadi usiku, na kila mmoja ananiambia kwamba amesoma yote. Naomba uzoefu wenu: mwalimu afanye nini?

Daktari wa upasuaji
Mkuu, "nimesoma yote" mara nyingi maana yake ni kwamba amepitia notisi tena na tena hadi zikaonekana rahisi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima kwa kukumbuka: baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, lakini baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliojipima. Kwa hiyo kijana wako hakudanganyi; usiku ule alikuwa anajua kweli.

Waite ofisini watatu watatu, vitabu vifungwe. Waulize: mgonjwa amevunjika katikati ya humerasi, yaani mfupa wa mkono kati ya bega na kiwiko, na sasa kiganja chake kinaning'inia, hawezi kukiinua, ni neva gani imeumia, na kwa nini hiyo? Aliyekariri neva zote za mkono, tangu zinapotoka kwenye uti wa mgongo (C5 hadi T1), anaweza kunyamaza kabisa. Mpe kalamu achore neva ya radiali, ambayo ndiyo jibu, inavyozunguka nyuma ya mfupa huo, kisha umwache aeleze mwenyewe bila kumkatiza. Kwa dakika chache hizo utajua kama kinachomkwamisha ni namna ya kusoma, ni lugha, au ni jambo jingine lililo nje ya darasa.

Mwalimu mlezi
Naunga mkono, na kwenye lugha naomba tusipite haraka. Wengi wa vijana wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wapo wanaoelewa vizuri kabisa lakini hawawezi kuandika walichoelewa kwa Kiingereza cha mtihani. Mruhusu aeleze kwanza kwa Kiswahili, halafu arudie kwa Kiingereza. Hatapoteza kitu, maana wodini mgonjwa atamwambia "nasikia kichomi" na atapaswa kuelewa hapo hapo. Na tafadhali, tuache kuwafokea mbele ya wenzao, kwa sababu aliyeaibishwa leo kesho hatauliza swali.

Mwanafunzi wa mwaka wa nne
Shikamoo walimu wangu. Ninaomba kuongeza kwamba wapo wanaokaa darasani na njaa kwa sababu bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, limechelewa, na hao hawatasema wasipoulizwa faraghani. Pia sisi wa madarasa ya juu tuko tayari kuongoza vikundi jioni, mkituomba.

Mhadhiri wa mwaka wa kwanza
Marahaba, mwanangu, na ombi hilo nalipokea. Nitatoa jaribio fupi lisilo na alama wiki ya tatu, kisha nianze kuwaita walioanguka.

Mwalimu mlezi
Waite na waliopita kwa shida, mwalimu. Hao ndio tunaowasahau hadi matokeo yanapobandikwa.