Miezi mitatu napigwa kijiweni kwa maharage saba na mahindi matano

Wakuu, mtu akitembea na maharage na mahindi makavu kwenye mfuko wa koti, ungemdhania nini? Mimi nilidhani katumwa makande na mkewe. Mjinga mimi.

Kijiweni kwetu, abiria wakikata, mimi na jamaa mwenye koti hilo tunacheza vidole. Moja, mbili, twende: kila mtu anatoa kimoja au viwili. Jumla ikiwa shufwa nakula mimi, ikiwa witiri anakula yeye, kila kidole shilingi 100. Yaani mimi nakula 200 au 400, yeye akishinda ni 300 tu. Mia mbili na mia nne ni 600, mia tatu mara mbili ni 600. Ngoma droo. Tena shufwa alinipa yeye mwenyewe: "Chukua kaka, huko ndiko kwenye mia nne."

Siku nyingine naondoka na faida, ndiyo maana sikushtuka. Ila wiki ikiisha, hela ya oili haipo. Nikisema tubadilishane pande, eti yeye na witiri ni damu damu. Na kila kabla ya kutoa, mkono wa kushoto unapapasa mfukoni. Nikajua baridi. Baridi gani, Dar hii?

Juzi jua limewaka, akavua koti akalitupia kwenye pikipiki yangu, akaenda kununua maji. Nikapekua. Maharage saba, punje za mahindi tano. Nikampigia mpwa wangu anayesoma hisabati chuoni, akacheka mpaka nikamkatia simu. Baadaye ndiyo akanieleza: jamaa anagusa punje moja bila kuangalia. Akigusa harage, kidole kimoja. Akigusa hindi, viwili. Mimi namkodolea macho usoni nisome atatoa nini, kumbe hata yeye hajui!

Sasa pigeni hesabu ya mikono 12. Nikitoa kimoja muda wote, yeye atatoa kimoja kama mara saba, nakula 1,400. Mara tano atatoa viwili, anakula 1,500. Nikitoa viwili muda wote, yeye anakula 2,100, mimi 2,000. Nikichanganya, ni ile ile: mia yake iko palepale. Kwa mikono 150 kwa siku, hiyo ni 1,250 kwa wastani, na hakuna kidole ambacho ningetoa kikaniokoa. Mpwa anasema hesabu za namna hii mwanahisabati John von Neumann alizithibitisha mwaka 1928. Mimi nazijua leo, nimeshaliwa.

Nilipomvaa, akajibu kwa upole: "Kwani nimechungulia mkono wako?" Hajachungulia, kweli, na hicho ndicho kinachoniuma. Kijiwe kizima kikamshangilia, eti kanizidi akili. Haya, kama mchezo ni wa haki, mbona kubadilishana pande hataki hata siku moja? Warumi wa kale wakimsifu mtu mwaminifu walisema unaweza kucheza naye vidole gizani. Huyu mchana kweupe tu kanimaliza.

Mnaojua sheria za vijiweni, namdai au simdai? Na msiniambie niache kamari, hilo mke wangu keshalisema, na kwa sauti kubwa kuliko yenu.

Leo asubuhi kaja ananiulizia punje zake. Nimemwambia kuku wamekula.