Interpol ya kwenye anime, katuni za Kijapani, inapotosha watu, nimechoka!

Wakuu salaam,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Mdogo wangu alitapeliwa na muuzaji wa simu aliyeko ng'ambo. Badala ya kwenda kituoni siku ileile, alikaa karibu wiki mbili akiwaandikia Interpol barua pepe, akisubiri inspekta apande ndege na pingu zake. Nilipomuuliza imani hiyo kaitoa wapi, akanitajia Zenigata.

Zenigata wa Lupin III! Tangu anime ile ianze mwaka 1971, huyu mzee, inspekta wa Interpol, anamkimbiza mwizi Lupin nchi hadi nchi. Anashuka popote, anaamrisha askari wa watu, anarusha pingu, na hakuna anayemuuliza kibali. Jamani, Interpol haina askari wa kuzunguka dunia wakikamata watu. Makao yake yako Lyon, Ufaransa, nchi wanachama ni 196, na kazi yake kubwa ni kupitisha taarifa: alama za vidole, pasi zilizoibwa, majina ya wanaotafutwa. Kila nchi ina ofisi yake ya kuunganisha, na wanaokaa humo ni polisi wa nchi hiyohiyo. Atakayegonga mlango wa mhalifu ni polisi wa hukohuko aliko. Hata ile notisi nyekundu inayotetemesha watu ni ombi tu la kumsaka na kumshikilia mtu, si hati ya kukamata. Kila nchi inaamua kwa sheria zake itaipa uzito gani. Na raia haanzii Lyon, anaanzia kituo cha polisi cha kwao. Mdogo wangu angelijua hilo moja tu!

Death Note nayo ni yaleyale. Wakubwa wa polisi wa dunia wamejaa ukumbini kwenye mkutano wa Interpol, inatoka sauti ya mpelelezi L kwenye kompyuta, mtu asiye na cheo wala sura, na wanamsikiliza kama mkuu wao.

Msije hapa na "ni katuni tu mkuu". Monster ni anime pia, na Inspekta Lunge wake ni wa BKA, polisi wa shirikisho la Ujerumani, chombo kilichopo kweli. Anachimba mafaili, anang'ang'ania kesi moja mpaka familia inamkimbia. Unamwamini. Kwa hiyo wakitaka, wanaweza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Lupin yenyewe iliwahi kupatia. Katika filamu yake The Castle of Cagliostro, iliyoongozwa na Miyazaki, 1979, Zenigata anagundua kiwanda cha noti bandia, anapeleka habari kwenye mkutano wa Interpol, na wawakilishi wa nchi wanaishia kushutumiana na kulizima jambo kwa sababu za kisiasa. Pale nilikaa kimya mbele ya runinga. Nchi wanachama zisipotaka, chombo kile hakina mkono wa kumshika mtu, na ibara ya 3 ya katiba yake inakikataza kabisa kujiingiza kwenye mambo ya siasa, jeshi, dini au rangi. Askari mwaminifu ana ushahidi na hana la kuufanyia: utamu wote wa hadithi uko hapo! Halafu mfululizo baada ya mfululizo wanaturudishia pingu na makelele.

Kama kuna mdau anaijua anime yoyote inayomwonyesha afisa wa Interpol mezani kwake, akibembeleza nchi mbili zisizopatana zipeane jina moja tu, aiweke hapa. Nitaitazama leo usiku.