Mjadala: "Baba" ni neno letu au tulilikopa?

Mpekuzi_Kamusi
Wadau, kuna jambo linanikera. Kila nikimsikia mtu akisema "baba" ni neno la Kituruki au la Kiajemi lililokuja na majahazi, nashindwa kunyamaza. Ni kweli Waturuki humwita mzazi wa kiume baba, na Waajemi vilevile. Kihindi nacho kinalo, na humo baba anaweza kuwa mzee yeyote wa heshima au hata mtawa. Lakini Wazulu husema ubaba, Washona baba. Wayoruba wa Nigeria nao husema baba, na Kiyoruba si Kibantu. Wachina pia. Jahazi gani lilipita kote huko? Nasema neno ni letu. Mwenye ushahidi kinyume aulete.

Bahari_Kuu
Mkuu, orodha yako inakuumbua. Kama Mzulu, Mturuki na Mchina wote wanalo, lazima liwe na chimbuko moja. Maneno hayafanani bure. Mimi naamini binadamu walikuwa na lugha moja na hilo ni mabaki yake.

Chumvi_ya_Isimu
Bahari_Kuu, yanafanana bure tena sana. Kule Australia palikuwa na lugha iitwayo Kimbabaram. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alipomuuliza mzungumzaji wake wanamwitaje mbwa, akajibiwa "dog", kama Kiingereza. Watu wangedhani kakopa. Kumbe neno la zamani lilikuwa kama gudaga, lugha za jirani bado zinalo, na katika Kimbabaram lilimomonyoka silabi hadi likabaki hivyo. Bahati tupu.

Undugu wa lugha hautazamwi kwa neno moja. Kinachotafutwa ni sauti zinazojirudia kwa mpangilio. Sisi tatu, Wazulu thathu. Sisi tuma, wao thuma. Huo ndio ushahidi. Baba wa Kichina hana mpangilio wowote na baba wetu.

Na maana zenyewe hazitulii. Kirusi, baba ni mwanamke, hasa wa shamba au aliyezeeka. Kijapani, ni kikongwe wa kike. Kipolandi, baba ni mwanamke na mzazi wa kiume ni tata, sawasawa na tata wa Kilingala. Kigeorgia ndiyo kimepindua kabisa: kwao neno "mama" maana yake ni baba, na mama mzazi huitwa "deda".

Mzee_wa_Hoja
Hao Wageorgia wana lao. Ukweli tuliolea tunaujua: mtoto huanza na baba. Wangu watatu, wote walisema baba kwanza. Mama huitwa pale anapotakiwa maziwa tu.

Mama_Pacha
Mzee_wa_Hoja, "maziwa tu"? Ndiyo kazi uliyoiona? Nimekesha na watoto wawili miezi kumi na minne, halafu uje useme tunaitwa kama kopo linavyoitwa? Omba radhi.

Mzee_wa_Hoja
Sijamtukana mtu. Nimesema nilichokisikia kwa masikio yangu.

Chumvi_ya_Isimu
Dada Mama_Pacha, usinichukie, ila hilo la maziwa liliandikwa na mtaalamu mkubwa wa isimu. Roman Jakobson, mwaka 1960, alieleza kwamba mtoto akinyonya mdomo umeziba, sauti pekee inayoweza kutoka hupitia puani, mm-mm. Baadaye hutoa mlio huohuo akiona chakula, akimwona anayemlisha, kisha akitaka chochote. Alitumia maneno ya wazazi zaidi ya elfu moja aliyokusanya mwanaanthropolojia George Murdock katika lugha za dunia. Zaidi ya nusu ya yale ya mama yalikuwa na sauti za pua. Ya baba, machache tu.

Mama_Pacha
Kwa hiyo ameandika mwanamume mwingine kwamba mimi ni chakula, na unaniletea kama zawadi. Mkuu, hujanisaidia.

Chumvi_ya_Isimu
Soma nusu ya pili basi. Baba, papa, tata, dada, ni sauti nyepesi kwa mtoto. Ba unafunga midomo na kufungua. Ta na da unagusa ufizi wa juu kwa ncha ya ulimi. Mtoto wa miezi sita au minane huzirudiarudia bila kumaanisha mtu yeyote. Sisi watu wazima ndio tunaodaka sauti na kuipa mwenyewe. Kila lugha ikadaka kivyake, ndiyo maana Wageorgia wakaishia kinyume chetu.

Mama_Pacha
Hilo nalikubali kwa sababu nimeliona. Pacha wangu mmoja alianza na "dadada". Nyumba nzima ikashangilia, anamwita dada yake! Dada mtu alilia kwa furaha. Alikuwa akiiambia hivyohivyo feni.

Ngamia_Mweupe
Na angezaliwa kwa Wabengali wangesema anamwita kaka, maana dada kwao ni kaka mkubwa. Kihindi, babu mzaa baba. Halafu mnabishana baba ni letu wakati hata kaka na dada mmekopa Uajemi na India.

Mpekuzi_Kamusi
"Mmekopa"? Wewe unaongea lugha gani hapa? Hilo ndilo linaloniuma, mtu anatumia Kiswahili kukidharau Kiswahili. Eti kila chetu ni cha mwingine.

Ngamia_Mweupe
Sijadharau. Wakurdi humwita kaka mkubwa kaka. Wagujarati wana kaka, baba mdogo. Bahari imetuunganisha nao karne nyingi. Kukopa si wizi.

Chumvi_ya_Isimu
Kwa kaka una hoja, ila kwa njia hiyohiyo Wamaori wa New Zealand nao wana kaka, na kwao ni kasuku. Tumekopa kasuku? Papa ni samaki kwetu, kwa Wakechua wa Andes, milima ya Amerika ya Kusini, ni kiazi. Kufanana peke yake hakutoshi, pawe na njia ya neno kupita. Kati yetu na Uajemi njia ipo. Kati yetu na Andes haipo.

Bibi_Mvule
Wanangu, nisikilizeni. Kabla kaka na dada hazijaenea, palikuwa na umbu. Umbu wa mwanamke ni ndugu yake wa kiume, umbu wa mwanamume ni ndugu yake wa kike. Neno moja, likitegemea nani anasema. Hilo hakuna aliyelipigania, limeachwa kwenye mashairi. Mnagombea baba ambaye hajapotea.

Mpekuzi_Kamusi
Shikamoo bibi. Hilo umbu nililikuta kwenye kamusi nikadhani ni kosa la chapa. Nitalifungulia mada yake.

Mama_Pacha
Mimi sijamalizana na Mzee_wa_Hoja. Jibu kwa ukweli: mwanao wa kwanza alikuita ukaitika, au uliitika ndipo akajua anakuita?

Mzee_wa_Hoja
Niliitika. Mama yake alikuwa amelala, homa imemchosha. Mtoto nimempakata, anatazama ukuta, akasema ba-ba-ba. Nikasema "naam, mwanangu". Akageuka akanitazama. Akarudia, nikaitika tena. Tulifanya hivyo mpaka mama yake akaamka. Kwa neno la maziwa, dada yangu, niwie radhi. Lakini siku ile aliniita mimi.

Mama_Pacha
Radhi nimepokea. Mara ya pili alikuita. Ya kwanza hapana.

Bahari_Kuu
Mnasema tunadaka sauti za watoto. Sawa. Na watoto wa dunia nzima wana mdomo mmoja, sauti zilezile. Sasa hilo si chimbuko moja?

Chumvi_ya_Isimu
La mdomo, ndiyo. La lugha, hapana. Na ndiyo maana, Mpekuzi, siwezi kukupa hati ya neno hili. Tata imeenea sana kwenye Kibantu, baba nayo imo tele mbali na pwani, hivyo jahazi silihitaji. Lakini ukisema ni letu, na Myoruba atasema hivyohivyo, nanyi nyote mtakuwa sawa.

Mpekuzi_Kamusi
Hapo kwa jahazi tumeelewana. Kwa Myoruba bado nabisha.