Mrejesho: bomba la fiba sasa linasagika
Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini mabomba yangu ya nyuzi za kioo na epoksi (gundi ya plastiki inayoganda ngumu), nikiyakandamiza kwa presi, yanapasuka pwaa katikati badala ya kusagika taratibu. Mkanishauri ninoe ukingo wa juu kwa nyuzi 45 (za pembe, si za kioo!).

Aisee! Sasa ufa unaanzia kwenye ile ncha nyembamba, ukuta unachanika, tabaka moja linajikunja ndani, jingine nje, kama ganda la ndizi. Mzigo (nguvu ya presi) haupandi ghafla tena, unacheza palepale hadi mwisho. Bomba la chuma hujikunja kama kopo la soda lililokanyagwa. Hili linageuka chenga na unga, na msuguano wa hivyo vipande nao unakula nishati nyingi. Vumbi lake linawasha balaa, vaeni barakoa.

Moja nililosahau kulinoa lilipasuka pwaa katikati kama yale ya mwanzo.